Muhuri Uliotupwa Mto Thames: Uchambuzi wa Kisa cha James II, Desemba 1688

Kabla hakujapambazuka tarehe 11 Desemba 1688, Mfalme James II wa Uingereza alitoka kimyakimya katika kasri la Whitehall, London, akapanda gari la farasi la kukodi hadi kivukoni, akaingia ndani ya mashua ndogo ya makasia. Alifuatana na watu wachache, mmoja wao Sir Edward Hales. Walipokuwa wanavuka mto Thames aliutoa Muhuri Mkuu, ule wa kuthibitisha hati rasmi za mfalme, akauachia majini. Saa chache kabla ya hapo alikuwa ameziunguza hati za kuitisha Bunge ambazo zilikuwa bado hazijapelekwa mikoani. William wa Orange, mpwa wake ambaye pia alikuwa mkwe wake, alishashuka pwani ya Torbay tangu tarehe 5 Novemba, na jeshi lake lilikuwa linausogelea mji mkuu.

Anayekimbia kuokoa roho yake hubeba vitu vitakavyomfaa aendako. James alibeba mzigo wa madini ya fedha, yaani muhuri huo, ambao hakukusudia kufika nao popote, na hapo ndipo penye kisa. Alikuwa na hesabu yake, wala haikuwa ya kijinga. Bila Muhuri Mkuu hakuna hati halali ya kuitisha Bunge, hakuna jaji anayeteuliwa, hakuna shauri linalofunguliwa. Basi William angeikuta nchi isiyotawalika, na watu wangelazimika kumwita mwenye muhuri arudi. Hesabu hiyo ilitoka sawa upande mmoja, ikaharibika upande wa pili. Mahakama zilikoma kufanya kazi kweli. Serikali haikukoma.

Kalibu na chapa

Kiswahili kina neno moja, muhuri, kwa chombo kinachogandamiza na kwa alama inayobaki. Katika mazungumzo ya kila siku hilo halina shida, ila kisa hiki hakieleweki mpaka tuvitenganishe. Hapa chombo cha madini tutakiita kalibu, na alama yake kwenye nta tutaiita chapa.

Kalibu ya Muhuri Mkuu ni sahani mbili nene za fedha. Kila moja imechongwa kwa kushuka ndani na kwa kinyume, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo, ili chapa itoke imenyooka na imeinuka. Upande mmoja mfalme ameketi kwenye kiti cha enzi. Upande wa pili amepanda farasi. Mpango huo wa enzi na farasi ulianza na William Mshindi baada ya 1066. Edward Muungamishi aliyemtangulia naye alikuwa na muhuri wa pande mbili, lakini pande zote ameketi. Chapa ya Edward ilikuwa na upana wa sentimita 7 na kitu. Wengi waliofuata waliona vema muhuri wao uwe mkubwa kuliko wa mtangulizi, na kufikia karne ya 17 upana ulikaribia sentimita 15. Ukingoni sahani zina masikio, moja ikiwa na vijiti na nyingine matundu, ili zikifunikana michoro ya pande mbili isimame wima pamoja.

Fedha ni laini. Kila mgandamizo hula kidogo ukali wa mchoro, na baada ya maelfu ya hati uso wa mfalme unakuwa kama sarafu iliyozunguka sokoni miaka hamsini. Elizabeth I alibadilisha kalibu mwaka 1586 kwa sababu ya kwanza ilikuwa imechakaa, na Victoria alimaliza utawala wake akiwa ametumia nne. Kwa watu wa ofisi, basi, kalibu ilikuwa kifaa kinachochakaa na kubadilishwa. Wachongaji wake walijulikana, vielelezo vilikuwepo, na utaratibu wa kuivunja ya zamani mbele ya mfalme na kuikabidhi mpya ulikuwa wa siku nyingi. James aliitazama kama kitu kisicho na mwenzake.

Nta, kwa vipimo

Nta ya Muhuri Mkuu si lakiri. Lakiri, neno tulilolipata kwa Wareno, ni mchanganyiko wa utomvu wa wadudu wa India, tapentaini na rangi nyekundu ya zinjifuri. Ilienea Ulaya katika karne ya 16: unaiyeyusha kwa mshumaa, unaidondosha kwenye mkunjo wa barua, unaigandamiza kwa pete. Ikipoa huwa ngumu kama kigae na huvunjika kama kigae. (Tanzania leo lakiri ya sanduku la kura ni kizuizi cha plastiki chenye namba. Jina limebaki, lakiri yenyewe imeondoka.) Kwa chapa ya pande mbili, pana kama sahani ndogo ya chai na inayoning'inia chini ya hati, lakiri haifai hata kidogo.

Kazi hiyo ni ya nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo wa misonobari. Katika mihuri ya zama za kati kipimo kilichozoeleka ni mafungu mawili ya nta kwa fungu moja la ulimbo. Tupige hesabu: chapa yenye upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita moja na nusu ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 265, yaani takriban robo kilo ya mchanganyiko, nta gramu 170 hivi, ulimbo gramu 85. Hiyo ni kwa hati moja. Ulimbo ukipungua, chapa inabaki laini na michoro hulala siku za joto. Ukizidi, ukingo unameguka mara hati inapogongwa mezani. Rangi ya kijani ilitokana na kutu ya shaba, nyekundu na zinjifuri, na nyingine ziliachwa na rangi ya nta yenyewe. Katika karne za kati hati iliyotoa haki ya kudumu ilipewa nta ya kijani na kamba za hariri. Ya muda ilipewa nta isiyo na rangi na utepe wa ngozi.

Ofisi ya Kansela, afisa mkuu wa mfalme aliyetunza Muhuri Mkuu, ilikuwa na mtumishi ambaye cheo chake rasmi kilikuwa kupasha nta, na cheo hicho kilidumu hadi 1852. Tusikicheke. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65 za Sentigredi, lakini ya muhuri haiyeyushwi siku ya kazi. Hulainishwa katika maji ya moto na kukandwa kama unga wa chapati mpaka isiwe na punje ngumu wala pumzi ndani. Hupigwa madonge mawili bapa. Donge la kwanza hulazwa juu ya sahani ya chini iliyolowanishwa maji. Juu yake hupitishwa utepe au kamba zilizochomozwa kwenye matundu ya upindo wa chini wa hati. Donge la pili hufunika, sahani ya juu hushushwa vijiti vikiingia matunduni, kisha shinikizo la skrubu hukazwa. Nta iliyofurika pembeni hupunguzwa kwa kisu, na chapa huachwa ipoe kabla ya kunyanyuliwa.

Mambo yanayoharibika ni yaleyale kila mara. Nta ikiwa ya moto mno hunata kwenye fedha, na ukiinyanyua pua ya mfalme inabaki kwenye kalibu. Ikiwa ya baridi haiingii kwenye herufi ndogo za ukingoni, kwa hiyo maandishi yanatoka nusu. Pumzi ikibaki ndani huacha vishimo. Madonge yasiposhikana sawasawa, miaka kumi baadaye chapa hufunguka katikati kama mkate uliopasuliwa, kamba zikiwa wazi. Hili la mwisho lina uzito wa kisheria, maana ndiyo njia iliyopendwa na waghushi: kuipasua chapa halali kwa waya wa moto, kuitoa kwenye hati yake, kuipachika kwenye hati ya uongo yenye kamba mpya, na kuifunga tena kwa nta mbichi. Mkaguzi anayejua kazi hatazami uso wa mfalme kwanza. Anageuza chapa aone ukingo: je, kuna mshono wenye rangi tofauti? Je, kamba ni za umri wa hati? Je, enzi na farasi vimesimama wima pamoja, au kimoja kimeinama upande?

Njia ya hati kabla ya kufika kwenye nta

Kansela hakuwa anagonga muhuri kwa kuombwa. Tuchukue hati ya mfalme ya kumpa mtu ardhi au cheo katika miaka ya 1680. Muswada huandaliwa na mwanasheria wa serikali, na mfalme hutia sahihi yake juu kabisa ya maandishi. Ukiwa na sahihi hiyo hupelekwa kwa makarani wa muhuri mdogo wa pete, wanaoandika amri kwa maneno yaleyale na kuitia muhuri wao. Amri hiyo huenda kwa mwenye Muhuri wa Siri, ambaye ofisi yake huandika nyingine inayomwelekea Kansela. Hapo tu ndipo makarani wa Kansela huandika hati kamili kwenye ngozi, maneno yake huingizwa kwenye magombo ya kumbukumbu, na nta hupashwa. Sheria ya wakati wa Henry VI iliagiza kwamba tarehe ya hati iwe siku amri ilipokabidhiwa kwa Kansela, si siku karani alipomaliza kuandika, ili mtu asipate hati yenye tarehe ya kurudishwa nyuma akamtangulia mwenzake.

Kila kituo kilitoza ada, na wenye hati walilalamika sana. Ngazi hiyo ilikuja kufupishwa kwa sheria mwaka 1884. Lakini iliacha nakala karibu kila ilipopita. Kabla ya nta kulikuwa na sahihi ya mfalme, muhuri wa pete, Muhuri wa Siri na gombo. Chapa ikivunjika, au panya wakiila, mwenye haki alikwenda kwenye gombo akaomba nakala iliyothibitishwa. Haki haikuwa ndani ya nta. Nta ilikuwa inamwambia mtu wa mbali, asiye na njia ya kulifikia gombo, kwamba njia yote imepitiwa.

Kansela mwenyewe hakuhitaji hati ya kumteua. Mfalme alimkabidhi kalibu ndani ya mkoba wake uliotariziwa, na kwa tendo hilo la kupokea akawa Kansela. Akirudisha mkoba, cheo kimekwisha. Ndiyo maana siku za mwisho James alimweka Kansela wake, George Jeffreys, karibu naye Whitehall, kisha akaichukua kalibu. Kwa tendo hilo Jeffreys alibaki mtu wa kawaida. Alikamatwa Wapping tarehe 12 Desemba akiwa amejigeuza baharia, na alifia katika ngome ya Tower mwezi Aprili 1689.

James alilenga nini

Mwishoni mwa Novemba James alikuwa amekubali kuitisha Bunge likutane tarehe 15 Januari. Hati za kuitisha Bunge ni barua za mfalme kwa masherifu wa kaunti, zikiwaamuru wafanye uchaguzi. Hutoka ofisi ya Kansela, na muhuri wake huwekwa kwenye ulimi mwembamba unaokatwa kutoka kwenye ngozi ileile ya hati. Sherifu asiyekuwa na hati hiyo hana mamlaka ya kuendesha uchaguzi, na aliyechaguliwa bila hati hana kiti. Nyingine zilishatumwa, zilizobaki aliziunguza. Kisha akazamisha kalibu ili zisiweze kuandikwa upya.

Akaongeza la tatu, ambalo mara nyingi husahauliwa: alimwandikia kamanda wa jeshi lake, Lord Feversham, asiwapinge wavamizi, na Feversham akawatawanya askari bila mshahara. Tukiyatazama kwa pamoja tunaona mpango: hakuna Bunge, hakuna muhuri, hakuna jeshi. Alikuwa anaondoka akifunga duka, na ufunguo ameutupa.

Ufunguo mwingine usingechongwa kwa urahisi. Sheria ya Uhaini ya 1351 iliweka kughushi Muhuri Mkuu wa mfalme katika kundi moja na kupanga kumuua. Mchongaji yeyote wa London angeweza kutengeneza kalibu mpya. Bila amri ya mfalme, kuitengeneza kulikuwa ni kitanzi. Na mfalme hakuwepo.

Siku 64

Kutoka asubuhi ile hadi tarehe 13 Februari 1689, William na Mary walipopewa taji, ni siku 64. Ndani ya siku hizo Uingereza haikuwa na mfalme anayetawala wala muhuri.

Asubuhi hiyohiyo ya tarehe 11 mabwana wa Baraza la Juu la Bunge waliokuwa mjini walikutana Guildhall, ukumbi wa serikali ya jiji la London. Waliandika tamko la kumuunga mkono William, wakaitwaa ngome ya Tower, wakapeleka amri kwa mkuu wa manowari, Lord Dartmouth, asipigane na Waholanzi. Amri zote hizo zilikuwa karatasi zenye sahihi za mkono. Hakuna nta iliyopashwa. Zilitiiwa kwa sababu waliozipokea waliwajua waliotia sahihi, na kwa sababu hakukuwa na amri nyingine ya kuzipinga.

Mambo yakavurugika kidogo James mwenyewe alipokamatwa na wavuvi karibu na Faversham, Kent, akiwa ndani ya chombo kilichomsubiri. Alirudishwa London tarehe 16, watu wakamshangilia barabarani. Alikuwa mfalme mwenye mwili kamili na hana kalibu. Angeweza kuagiza nyingine. Mfalme haghushi muhuri wake mwenyewe. Hakuagiza. William alimwondoa mjini, akapelekwa Rochester, na huko mlango wa nyuma ukaachwa bila mlinzi wa maana. Tarehe 23 aliondoka tena, na siku ya Krismasi alikuwa Ufaransa. Ukitaka ushahidi kwamba kuizamisha kalibu hakukuwa kiini cha mambo, uko katika wiki hiyo moja.

Tarehe 26 Desemba William aliwaita watu waliowahi kuwa wabunge wakati wa Charles II, kaka yake James aliyemtangulia, pamoja na meya na wakuu wa jiji. Wao na mabwana walimwomba mambo mawili: ashike usimamizi wa nchi, na apeleke barua za mzunguko ili uchaguzi ufanyike. Barua, si hati za Kansela. Masherifu waliendesha uchaguzi kwa barua hizo, na Mkutano, yaani kikao cha mabwana na wabunge waliochaguliwa bila hati za mfalme, ulikaa tarehe 22 Januari.

Wanasheria walikuwa na pa kushikia. Mwaka 1660, baada ya miaka 11 ya jamhuri, Mkutano kama huo ulikaa bila hati ya mfalme, ukamrudisha Charles II, na mambo yake yakathibitishwa baadaye kwa sheria. Njia ilishapitiwa. Mkutano wa 1689 nao ulikaa kwanza kama Mkutano, ukatoa taji, kisha sheria ya Februari 1689 ikatamka kwamba ulikuwa Bunge halali licha ya kukosa hati za kuitishwa. Mtu anaweza kusema huo ni ujanja: chombo kinachojipa cheti cha kuzaliwa. Ni kweli, na waliokuwa watiifu kwa James walilisema hilo kwa miaka. Lakini tuangalie utaratibu wenyewe. Mfalme akitaka kuidhinisha sheria asipokuwepo, hutuma tume yenye Muhuri Mkuu. Akija mwenyewe kwenye Baraza la Juu, hahitaji muhuri wowote. William alikwenda mwenyewe. Pengo la kalibu likarukwa kwa miguu.

Palipoumia kweli: mahakama

Simulizi nyingi za kisa hiki humalizia kwenye taji, na ndiyo maana hukosea kusema kwamba James hakufanikiwa lolote.

Mahakama za Westminster zilikaa kwa mihula minne kwa mwaka. Muhula wa Hilary ulianza kwa kawaida tarehe 23 Januari ukaisha katikati ya Februari, karibu na tarehe 12. Weka tarehe hizo juu ya zile siku 64: muhula mzima umemezwa. Majaji walikaa kwa hati za James zilizodumu kwa kadiri apendavyo yeye; kwa kuwa haikujulikana kama bado ni mfalme, hawakuwa na kiti cha uhakika. Na bila kalibu hapakuwa na namna ya kumteua mwingine.

Shida ya pili ilikuwa kwa wananchi wenye madai. Katika mahakama ya madai ya kawaida shauri lilianza kwa hati ya mwanzo iliyonunuliwa katika ofisi ya Kansela, yenye Muhuri Mkuu. Mfanyabiashara aliyedai deni Desemba 1688 hakuwa na pa kuinunua. Aliyekwisha kufungua shauri alikuwa katika hali mbaya zaidi. Utaratibu wa siku hizo ulitaka kila shauri lipewe siku katika muhula unaofuata. Lisipopewa, mnyororo umekatika na shauri limekufa. Anayedai aanze upya, alipe ada upya, na kama muda wa kudai umepita, basi tena. Muhula usipokaa, hakuna anayepewa siku. Maana yake mashauri yaliyokuwa njiani Westminster yaliangushwa kwa mpigo mmoja, bila jaji kutamka neno.

Bunge la William na Mary lililazimika kupitisha sheria mahususi, miongoni mwa zile za mwanzo kabisa za utawala huo, ya kufufua mashauri na michakato iliyokatika kwa kutokaa kwa muhula wa Hilary. Jina la sheria lenyewe linataja sababu hiyo wazi. Huo ndio mfano bora wa gharama ya muhuri uliopotea: hakuna aliyekufa, hakuna jiji lililoungua, ila mdai wa paundi kumi aliyekuwa amebakiza hatua moja apate hukumu alijikuta amerudi mwanzo wa foleni mpaka Bunge limwinue.

Mwanzoni mwa Machi kalibu mpya ilikuwa tayari kukabidhiwa. Wafalme walikuwa wawili kwa pamoja, kwa hiyo wote wawili walichongwa. Badala ya Kansela mmoja waliteuliwa makamishna watatu: Sir John Maynard, mzee aliyepita miaka 80, Anthony Keck na William Rawlinson. Hapo likazuka swali jingine la kiutaratibu: sheria nyingi zilisema "Kansela atafanya hili na lile", je, watu watatu ni Kansela? Ikahitajika sheria nyingine kutamka kwamba ndiyo. Msomaji wa nyaraka za miezi hiyo ajihadhari na tarehe. Mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1689 yetu imeandikwa 1688 katika hati zenyewe.

Wengine waliopotelewa

Kisa cha James kinaeleweka vizuri kikiwekwa kando ya vingine. Mwaka 1191, Richard I akielekea vita vya msalaba, mtunza muhuri wake Roger Malchael alizama karibu na Kupro akiwa amevaa kalibu shingoni; mwili ulipopatikana, kalibu ilikuwepo. Mwaka 1198 Richard alibadilisha muhuri na kuamuru walio na hati za zamani wazilete zitiwe mpya, kwa malipo. Sababu iliyotolewa ni kwamba wa kwanza ulikuwa umewahi kupotea. Hazina ilihitaji fedha, na kupotea kwa muhuri kukawa kisingizio cha kukusanya ada mara ya pili. Mfalme aliyekuwepo aligeuza hasara kuwa mapato.

Mei 1642 mtunza muhuri wa Charles I, Edward Littleton, aliutuma kwa mfalme York kisha naye akamfuata. Bunge lilibaki London bila muhuri, kama James alivyotaka libaki mwaka 1688. Baada ya kusitasita kwa zaidi ya mwaka, 1643 likamwagiza Thomas Simon achonge kalibu yake, na likatangaza batili yote yatakayopita chini ya ule wa mfalme. Nchi ikawa na Mihuri Mikuu miwili inayokanana mpaka Oxford, makao ya mfalme wakati wa vita, iliposalimu amri, na Agosti 1646 ule wa mfalme ukavunjwa na mhunzi mbele ya Bunge. James alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati kalibu ya pili ilipochongwa, tena mtoto wa mfalme huyohuyo. Ni vigumu kuelewa alivyosahau.

Jaribio safi kuliko yote ni la usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1784. Wezi waliingia nyumbani kwa Kansela Thurlow, Great Ormond Street, wakaiba kalibu mkesha wa siku Bunge lilipokuwa livunjwe. Minong'ono ya siasa ilikuwa mingi, na kalibu haikuonekana tena. Lakini mfalme alikuwepo, baraza lake lilikaa siku hiyohiyo, amri ya kuchonga nyingine ikatolewa, wachongaji wakakesha, na tarehe 25 Bunge likavunjwa kama ilivyopangwa. Kazi ilikuwa ya haraka, na mwaka uliofuata ikatengenezwa iliyo bora. Saa 24 kwa siku 64: tofauti haikuletwa na fedha wala ufundi. Mwaka 1784 kulikuwa na mtu mwenye haki ya kusema "chonga".

Kuhusu kalibu ya James, inasimuliwa kwamba mvuvi aliinasa wavuni miezi michache baadaye. Hata ingepelekwa Westminster siku hiyohiyo, isingekuwa na kazi, kwa sababu kalibu mpya ilishaanza kutumika. Kalibu ya namna hiyo hupigwa nyundo ili isitumike, na fedha yake, kwa desturi ya zamani, ni ya Kansela. Mwaka 1831 desturi hiyo ilileta ugomvi: kalibu ya George IV ilidaiwa na Lord Lyndhurst, aliyekuwa Kansela wakati kalibu mpya ilipoagizwa, na Lord Brougham, aliyekuwa Kansela wakati kalibu hiyo mpya ilipoanza kutumika. William IV aliigawa, kila mmoja akapata upande wake ukiwa umepachikwa kwenye sinia la fedha.